Mwongozo kamili: Kulinganisha swichi za kasi kubwa kwa uwezo halisi na gharama ya miaka 5

Swali ni lile lile kila mara. Mtu ana profoma tatu za swichi ya mtandao (kifaa kinachounganisha kompyuta, seva na swichi nyingine kwa kebo), bosi anataka jibu kabla ya Ijumaa, naye anauliza achukue ipi. Ukimuuliza anahitaji poti (matundu ya kuchomekea kebo) ngapi na za kasi gani, kimya. Mwishowe anachukua namba kubwa iliyo ukurasa wa kwanza wa brosha, anagawanya bei kwa namba hiyo, na swichi inayotoka na "gigabiti rahisi" ndiyo inayonunuliwa.

Njia hiyo inapotosha pande zote mbili. Namba ya uwezo imeandikwa kwa namna inayompendeza muuzaji, na bei ya profoma mara nyingi haina vitu ambavyo bila hivyo swichi haiungwi na chochote. Hatua zilizo hapa chini zinarekebisha yote mawili.

Mfano wetu ni chuo chenye majengo 8. Kila jengo lina swichi ya poti 48 za gigabiti 1, na zote zinakutana kwenye chumba cha seva. Tunatafuta swichi ya kati. Bei nilizotumia ni za kufundishia hesabu, zimeshajumuisha VAT. Zako utazitoa kwenye profoma zako.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Profoma zenye namba kamili ya modeli. "Swichi ya poti 24, 10G, original" si modeli (10G ni gigabiti 10 kwa sekunde).
- Datashiti ya kila modeli, ile PDF ya mtengenezaji yenye majedwali. Brosha haitoshi.
- Mchoro wa mtandao, hata wa kalamu, unaoonyesha umbali kati ya majengo na aina ya faiba iliyolazwa.
- Takwimu za matumizi za angalau wiki moja ya kazi kutoka kwenye swichi za sasa.
- Bei ya uniti ya umeme kutoka kwenye risiti yako ya LUKU au bili yako.
- Jedwali la Excel.
- Kwa jaribio la mwisho: kompyuta mbili zenye kadi za mtandao za 10G na programu ya kupima kasi ya mtandao iitwayo iperf3.

Kadi za 10G kama huna, azima. Hatua ya 8 bila kadi hizo haifanyiki, na hiyo ndiyo inayokulinda baada ya pesa kutoka.

## Hatua ya 1: Hesabu poti kabla ya kufungua katalogi

Andika kila kitu kitakachochomekwa kwenye swichi mpya na kasi yake. Kwa chuo chetu:

- Swichi za majengo 8, kila moja laini moja ya 10G: poti 8
- Seva 3, kila moja laini mbili za 10G: poti 6
- Hifadhi ya data, laini mbili: poti 2
- Rauta: poti 1

Jumla poti 17. Ongeza 3 za ukuaji, tunapata 20. Swichi ya poti 16 imeshatoka kwenye mashindano hata kama bei yake inavutia, na ya poti 48 imeanza kutiliwa shaka.

Watu hukosea kwenye ukuaji. Wanasema "tununue kubwa tusinunue tena", halafu poti 28 zinakaa miaka mitano zikila umeme bila kebo hata moja. Bei za vifaa hivi hushuka, kwa hiyo poti usiyoihitaji leo itakuja kuwa rahisi siku utakapoihitaji.

Ukimaliza hatua hii uwe na sentensi moja ya kumpa muuzaji yeyote: "Nahitaji poti 20 za 10G za SFP+, 8 zikienda nje ya jengo kwa faiba, 12 zikibaki ndani ya raki." (SFP+ ni jina la tundu la 10G, tutaliona Hatua ya 2; raki ni fremu ya chuma ya kufungia vifaa.) Usipoweza kuiandika, usiombe profoma kwanza.

Kwa wanaonunua kupitia zabuni za umma: sentensi hiyo ndiyo msingi wa vipimo vyako. Ukiandika "swichi ya kisasa yenye kasi kubwa", utaletewa chochote, na hutakuwa na hoja ya kukikataa.

## Hatua ya 2: Soma namba ya modeli herufi kwa herufi

Herufi moja inaweza kubadilisha kifaa kizima. Chukua Cisco C9200L-24T-4G na C9200L-24T-4X. Sanduku linafanana, jina la familia ni moja, poti 24 za gigabiti 1 ni zile zile. Lakini ya 4G ina poti nne za kupandishia data za gigabiti 1, na ya 4X ina nne za gigabiti 10. Uwezo wa kwanza ni 56 Gbps, wa pili ni 128 Gbps. Kwenye profoma zote mbili zitaandikwa "Cisco 9200L 24 port".

Ile T ya katikati nayo ina maana: poti za data tupu. Ikiwa P, poti zinatoa umeme wa PoE kwa kamera, simu na vifaa vya Wi-Fi. Hapo uliza bajeti ya umeme. Swichi ya poti 24 yenye bajeti ya wati 370 inaweza kulisha poti zote kwa wati 15.4 za PoE ya kawaida (24 × 15.4 = 369.6). Ukiweka vifaa vinavyohitaji wati 30 kila kimoja, vitawaka 12 tu, na cha 13 kitakaa kimya.

Jina la tundu nalo linasema kasi yake:

- SFP: gigabiti 1
- SFP+: gigabiti 10
- SFP28: gigabiti 25
- QSFP+: gigabiti 40
- QSFP28: gigabiti 100
- QSFP-DD: gigabiti 400

Tahadhari: SFP na SFP+ ni tundu la umbo moja. Moduli ya 10G (kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu ili kuunganisha faiba) itaingia vizuri kabisa kwenye tundu la SFP la gigabiti 1, itabofya, na haitafanya kazi. Macho hayatakusaidia hapa, fungua datashiti.

## Hatua ya 3: Piga mwenyewe hesabu ya uwezo

Hapa ndipo wengi wanapoteza dira, kwa hiyo twende taratibu.

Datashiti hutoa namba mbili. Ya kwanza ni uwezo wa kupitisha data, kwa Gbps, yaani gigabiti kwa sekunde. Ya pili ni idadi ya pakiti (vipande vidogo vya data), kwa Mpps, yaani pakiti milioni kwa sekunde.

Namba ya kwanza. Jumlisha kasi za poti zote. Swichi ya poti 24 za 10G na 2 za 40G: 240 + 80 = 320 Gbps. Lakini kila poti inatuma na kupokea kwa wakati mmoja, kwa hiyo watengenezaji wengi huzidisha kwa mbili na kuandika 640 Gbps. Si uongo, ndiyo desturi ya soko. Tatizo linakuja pale mmoja anapoandika 320 na mwenzake 640 kwa vifaa vyenye poti zile zile, nawe ukadhani wa pili ana nguvu maradufu.

Kanuni: puuza namba ya brosha, jumlisha poti mwenyewe, zidisha kwa 2. Kisha linganisha na datashiti:

- Datashiti ikilingana na hesabu yako, swichi inaweza kuhudumia poti zote kwa kasi kamili.
- Ikiwa nusu ya hesabu yako, angalia kama wamehesabu upande mmoja. Mara nyingi ndivyo.
- Ikiwa chini ya nusu, poti zote haziwezi kufanya kazi kwa kasi kamili kwa pamoja.
- Ikiwa kubwa kuliko hesabu yako, wamejumlisha njia za kuunganisha swichi mbili zifanye kazi kama moja, au wameandika uwezo wa chipu badala ya kifaa. Ziada hiyo huna tundu la kuitumia.

Namba ya pili. Fremu (pakiti inavyosafiri kwenye waya) ndogo kabisa ya Ethernet ni baiti 64. Kwenye waya inaongezwa baiti 8 za utangulizi na baiti 12 za nafasi kati ya fremu moja na nyingine: jumla 84, sawa na biti 672. Gawanya biti bilioni 1 kwa 672, unapata fremu 1,488,095 kwa sekunde. Kwa hiyo kila Gbps 1 ya upande mmoja inadai Mpps 1.488.

Swichi yetu ya 320 Gbps inapaswa kuwa na Mpps 476 hivi (320 × 1.488). Ile C9200L-24T-4X ina 64 Gbps upande mmoja. 64 × 1.488 ni 95.23, na ndiyo hasa iliyoandikwa kwenye datashiti yake. Ukiona mtengenezaji ameandika uwezo kamili wa Gbps lakini Mpps ni nusu ya hesabu, ujue swichi inafika kasi yake kwa pakiti kubwa tu. Simu za sauti na maswali ya DNS (kompyuta ikiuliza anwani ya tovuti) ni pakiti ndogo. Mtandao wenye mengi ya hayo utaanza kudondosha pakiti kabla laini haijajaa.

Je, hili litakuumiza chuoni? Kusema kweli, kwa nadra. Swichi nyingi za leo zenye chipu maalumu ya kusogeza pakiti zinatimiza namba zote mbili. Faida kubwa ya hesabu hii ni kukuonyesha kwamba kwa poti zinazolingana, vifaa vya bei tofauti mara kumi vinaweza kuwa na uwezo sawa kabisa wa kupitisha data. Tofauti ya bei iko mahali pengine, na muuzaji atakayekuambia "hii ni ghali kwa sababu ina kasi zaidi" sasa unaweza kumuuliza kasi ipi.

Hatua imekamilika ukiwa na safu tatu kwenye Excel kwa kila swichi: Gbps ulizohesabu, Gbps za datashiti, na Mpps inayotarajiwa ikilinganishwa na iliyoandikwa.

## Hatua ya 4: Pima foleni ya kupanda

Swichi ya jengo ina poti 48 za gigabiti 1 na laini moja ya 10G kwenda kati. Watumiaji wote wakivuta kwa pamoja ni gigabiti 48 zinazogombea 10, yaani uwiano wa 4.8 kwa 1. Je, ni mbaya? Kwa ofisi na madarasa, hapana. Watu hawavuti kwa sekunde ile ile.

Kamera ndizo haziachi kuvuta. Kamera 200 za megabiti 4 kila moja ni megabiti 800 mfululizo, usiku na mchana. Kwenye laini ya 10G hata hutaziona. Kwenye laini ya gigabiti 1 zimeila karibu yote. Kwa hiyo usitoe hukumu kwa uwiano peke yake, angalia nani anavuta mfululizo.

Hapa tumia zile takwimu za wiki. Angalia kilele cha matumizi kwenye laini ya kila jengo, na zaidi ya yote angalia kaunta ya pakiti zilizodondoshwa upande wa kutoka. Grafu ya wastani wa dakika 5 inaweza kuonyesha 20% huku kaunta ya udondoshaji ikipanda, kwa sababu wastani unafukia milipuko ya milisekunde chache.

Tahadhari moja kuhusu kuunganisha laini mbili za 10G ziwe moja kwa LACP: hupati gigabiti 20 kwa kazi moja. Kila mazungumzo kati ya kompyuta mbili hupangiwa laini moja. Nakala ya hifadhidata kutoka seva moja kwenda nyingine itaishia 10. Ukitaka kazi moja iende zaidi ya hapo, unahitaji poti ya 25G au zaidi.

## Hatua ya 5: Bafa, majedwali na kazi za tabaka la 3

Seva ya 10G ikimtumia data mtumiaji wa gigabiti 1, tofauti ya gigabiti 9 kwa sekunde lazima isubiri mahali. Mahali hapo ni bafa ya swichi. Bafa ya megabaiti 2 ni megabiti 16; kwa kasi hiyo inajaa ndani ya milisekunde 1.8 hivi, kisha pakiti zinaanza kudondoka. TCP (itifaki inayotuma upya pakiti zilizopotea) itapunguza mwendo na mambo yataenda, ila video ya moja kwa moja itakatika.

Kwa chuo, bafa ya kawaida inatosha. Kwa mtoa huduma ya intaneti mwenye laini za kasi tofauti, au hifadhi inayosomwa na seva nyingi kwa mpigo, bafa ndiyo sababu halali ya kulipa zaidi. Swichi za aina ya Arista 7280R hubeba bafa za gigabaiti, na zinauzwa kwa bei ya kufanana na hilo.

Jedwali la anwani za MAC (kitambulisho cha kila kifaa kwenye mtandao): elfu 16 zinatosha chuo chenye vifaa elfu 3. Pita.

Uelekezaji wa tabaka la 3, yaani kupitisha trafiki kati ya VLAN (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja), usiupite. Swichi inaweza kuandikwa "inaelekeza kati ya VLAN", kumbe kazi hiyo inafanywa na kichakataji (CPU) kidogo cha ndani badala ya chipu maalumu. Hapo gigabiti 320 zinageuka gigabiti moja au mbili mara tu unapoelekeza trafiki ya VLAN ya wanafunzi kwenda ya seva. Muulize muuzaji kwa maandishi: uelekezaji unafanyika kwenye chipu? Kwa njia ngapi za juu kabisa? Orodha ya sheria za kuzuia trafiki nayo je? Jibu la "inafanya vizuri tu, wateja wengi wanatumia" lihesabu kuwa hapana.

## Hatua ya 6: Fumua profoma

Hebu tuweke swichi zetu tatu mezani.

- A: poti 24 za 10G na 2 za 40G. Mpya, haina leseni ya kulipia. Sh 2,200,000. Wati 60.
- B: poti 24 za 10G na 2 za 100G. Chapa kubwa, ina msaada wa kiufundi na leseni inayolipiwa kando. Sh 15,000,000. Wati 150.
- C: poti 48 za 10G na 6 za 40G. Imetumika kwenye kituo cha data na kukarabatiwa. Sh 3,000,000. Wati 250.

Sasa ongeza ambavyo havikuandikwa.

Moduli na kebo. Swichi ya SFP+ inakuja na matundu matupu. Kwa raki ile ile tumia kebo za DAC (kebo fupi za shaba zenye moduli zake kwenye ncha zote mbili) za mita 1 hadi 3: ni rahisi na hazipati joto. Tunahitaji 9 kwa seva, hifadhi na rauta. Kwa majengo tunahitaji moduli 8 upande huu. Kama faiba ni ya modi moja (ganda lake mara nyingi ni la njano), chukua moduli ya LR, inafika kilomita 10. Kama ni OM3 ya modi nyingi (mara nyingi samawati), SR inafika mita 300. Usichukue ya kilomita 40 au 80 kwa jengo lililo mita 400 eti ndiyo yenye nguvu: mwanga wake unaweza kuharibu kipokezi cha upande wa pili.

Uliza pia kama swichi inakubali moduli za kampuni nyingine. Baadhi ya chapa hukataa, au huzikubali kwa amri maalumu kisha hukunyima msaada ukiwa nazo. Tukichukua LR ya kawaida kwa Sh 80,000 na DAC Sh 60,000, A na C zinadai Sh 1,180,000 kila moja. Kwa B yenye moduli za chapa yake, LR Sh 600,000 na DAC Sh 250,000, ni Sh 7,050,000.

Leseni. Uliza mambo mawili: ni ya miaka mingapi, na ikiisha nini kinazimika? Kwa vifaa vingine unakosa masasisho tu. Kwa vingine, leseni hai ni sharti la kifaa kuendelea kufanya kazi. Kwa B tuweke Sh 3,000,000 kwa miaka 3 na Sh 2,000,000 kwa miwili inayofuata.

Umeme. Wati × 24 × 365 ÷ 1,000 = uniti kwa mwaka. Kwa uniti ya Sh 350, kwa miaka 5: A Sh 919,800; B Sh 2,299,500; C Sh 3,832,500. Na joto la C litadai kiyoyozi zaidi, ambacho sijakiweka hapa. Umeme wa C peke yake umeipita bei yake ya kununulia.

Akiba. Swichi ya kati ikifa saa 2 asubuhi, chuo kizima kiko nje. B ina mkataba wa msaada, lakini soma kama "kubadilishiwa siku inayofuata" kunafika mji wako au kunaishia kwenye karatasi. Kwa A na C, dawa ni kununua ya pili na kuiweka kabatini ikiwa na mipangilio tayari.

Vitu vidogo vinavyosahaulika. Pawa saplai ni moja au mbili? Nyingine huuzwa bila hata moja. Feni zinapuliza upande gani? Swichi za vituo vya data zipo za kuvuta hewa mbele na za kuvuta nyuma. Ukiiweka kinyume inavuta joto la seva. Reli za kufungia kwenye raki zimo? Na VAT imo? Ni 18% Tanzania bara, Uganda na Rwanda, 16% Kenya, na profoma isiyoitaja itakuja kuitaja.

## Hatua ya 7: Gawanya kwa gigabiti utakazotumia

Jumla za miaka 5:

- A: 2,200,000 + 1,180,000 + 919,800 + akiba 2,200,000 = Sh 6,499,800
- B: 15,000,000 + 7,050,000 + 2,299,500 + leseni 5,000,000 = Sh 29,349,500
- C: 3,000,000 + 1,180,000 + 3,832,500 + akiba 3,000,000 = Sh 11,012,500

Ukigawa kwa uwezo wa kifaa, upande mmoja: A ina 320 Gbps, unapata Sh 20,312 kwa gigabiti. B ina 440, unapata Sh 66,703. C ina 720, unapata Sh 15,295. C imeshinda! Hapo ndipo wengi wanaposimama na kwenda kulipa.

Lakini wewe unahitaji poti 20 za 10G, yaani gigabiti 200. Gawa kwa 200: A ni Sh 32,499, C ni Sh 55,063, B ni Sh 146,748. C imekuwa ghali karibu mara 1.7 ya A, kwa sababu gigabiti 520 za ziada unazilipia umeme bila kuzitumia.

Je, B ni ya kutupwa? Hapana. Benki, hospitali, au kampuni ambayo saa moja ya kukatika inagharimu zaidi ya tofauti ya hapo juu, ichukue B bila kigugumizi, ila ihakikishe msaada huo upo kweli. Chuo chenye fundi wake anayejua kazi, nitachukua A mbili. Kilichonunuliwa kwa B si kasi, na ndivyo utakavyomweleza mhasibu akiuliza kwa nini.

Kuhusu C, sharti langu ni moja: kama mtengenezaji ameshaacha kuitolea masasisho ya usalama, usiiweke katikati ya mtandao. Kwa maabara ya wanafunzi, sawa. Angalia tarehe ya mwisho wa msaada kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kutumia namba kamili ya modeli, na namba ya mfululizo ya kifaa (serial number) ulinganishe na iliyo kwenye sanduku.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kusaini

Kwenye oda andika kwamba malipo ya mwisho ni baada ya jaribio. Muuzaji makini hatagoma.

Jaribio la kwanza: laini moja. Chomeka kompyuta mbili kwa DAC, zipe anwani 10.0.0.1 na 10.0.0.2. Ya kwanza iwashe hivi:

`iperf3 -s`

Ya pili:

`iperf3 -c 10.0.0.1 -P 8 -t 60`

Tumia toleo la 3.16 au jipya zaidi, kwa sababu ya zamani yalitumia uzi mmoja tu wa kichakataji na yangeweza kukwama kabla swichi haijachoka. Matokeo mazuri kwa poti ya 10G ni takriban 9.41 Gbps. Usitarajie 10 kamili: fremu ya kawaida inachukua baiti 1,538 kwenye waya, na data yenyewe ndani yake ni 1,448. Ukipata 6 au 7, jaribu kwanza kuunganisha kompyuta hizo moja kwa moja bila swichi. Zikibaki 6 au 7, tatizo ni kompyuta.

Jaribio la pili: nyoka. Hili linapitisha trafiki ile ile kwenye poti nyingi kwa kompyuta mbili tu. Kebo 9 za DAC tulizonunua zinatosha poti 16:

1. Tenga swichi kabisa na mtandao wa kazi. Zima STP (kinga ya swichi dhidi ya mizunguko ya kebo), la sivyo itadhani kuna mzunguko na kufunga poti.
2. Weka poti 1 na 2 kwenye VLAN 101, 3 na 4 kwenye VLAN 102, endelea hivyo hadi 15 na 16 kwenye VLAN 108. Zote ziwe bila tagi (untagged).
3. Unganisha poti 2 na 3 kwa DAC, 4 na 5, hadi 14 na 15. Hizo ni kebo 7.
4. Kompyuta ya kwanza poti 1, ya pili poti 16.
5. Endesha `iperf3 -c 10.0.0.1 -P 8 -t 600 --bidir`.

Kila pakiti sasa inaingia na kutoka swichini mara nane. Kwa dakika hizo kumi angalia joto, sikiliza feni, na soma kaunta za makosa za kila poti. Kinachotakiwa: kasi ibaki karibu na 9.4 kila upande kama kompyuta zako zinaimudu, na makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani) yawe sifuri. Makosa yakionekana kwenye poti moja, badilisha DAC yake kwanza kabla ya kulaumu swichi. Kisha rudia kwa poti 9 hadi 24.

Jaribio hili halipimi Mpps kwa pakiti za baiti 64. Kompyuta za kawaida haziwezi kuzitengeneza kwa kasi hiyo kupitia iperf3. Kama wewe ni mtoa huduma na namba hiyo ni roho ya kazi yako, tumia programu kama TRex kwenye seva yenye kadi inayofaa.

Jaribio la tatu: uelekezaji. Weka kompyuta hizo kwenye VLAN mbili tofauti zenye anwani tofauti, swichi ikielekeza kati yake, na urudie jaribio la kwanza. Matumizi ya kichakataji cha swichi yakiruka hadi 100% na kasi ikashuka, lile jibu la maandishi la Hatua ya 5 ndilo utakalolitoa mezani.

Washa STP tena, futa VLAN za majaribio, na chomoa pawa saplai moja wakati swichi inafanya kazi uone kama ya pili inaibeba. Matokeo ya iperf3, namba za mfululizo na picha ya kaunta viweke faili moja na profoma, halafu ndipo usaini hati ya kupokea mzigo.